Kuba, Dufu na Udi: Fiqhi ya Shafi na Ngoma Zetu za Pwani

Mhadhara uliotolewa Mchikichini, Ilala, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumzie ngoma, dufu, zumari na udi kwa mizani ya fiqhi. Ni swali ambalo mjini kwetu huulizwa sana na kusomwa kidogo. Huulizwa kila ukikaribia Mfunguo Sita, pale watu wa maulidi na watu wa Answari Sunna wanaoyapinga wanapoanza kurushiana maneno kwenye vipaza sauti. Huulizwa bwana harusi anapopelekwa kwa madufu. Huulizwa mdundiko, ngoma ya Wazaramo, unapokatiza mtaani na watoto wakiufuata. Jibu linalotolewa huwa ni neno moja tu, haramu au halali, kisha kila upande unarudi nyumbani na ghadhabu yake.

Sitalijibu kwa neno moja, kwa sababu wanavyuoni wa madhehebu yetu hawakulijibu hivyo. Walizihukumu ala moja moja: kwa jina lake, kwa umbo lake, na kwa watu waliozoea kuipiga.

Tuanze na Imamu Nawawi, aliyefariki kijijini kwao Nawa, Sham, mwaka 676 Hijria, yaani 1277 Miladia. Kitabu chake cha Minhaji, pamoja na sherehe zake, ndicho kilichosomeshwa kwenye darsa za pwani hii kuanzia Barawa na Lamu hadi Unguja, na makadhi wetu walikitegemea kukata kesi. Suala la ala za muziki analitaja katika mlango wa ushahidi, pale anapoeleza ni mtu gani ushahidi wake unakubaliwa. Anasema kwa maana yake kwamba dufu linaruhusiwa katika harusi na khitani, na kwa kauli yenye nguvu zaidi linaruhusiwa katika mambo mengine pia, hata kama lina njuga. Kuba anaiharimisha, na hawaachi wasomaji wakisie kuba ni nini: ni ngoma ndefu iliyobanwa katikati. Kucheza hakuharimishi, isipokuwa mchezaji ajilegeze na kujivunja viungo kwa namna ya wanaume wanaojifananisha na wanawake. Pia anaharimisha ala zilizokuwa alama ya walevi, naye anazitaja: tanburi, udi, matoazi na zumari ya Kiiraki.

Inabaki filimbi ya mchungaji. Imamu Rafii, aliyemtangulia na ambaye kitabu chake ndicho Nawawi alichokifupisha, aliona kauli yenye nguvu ni kwamba haina uharamu. Nawawi akaongeza neno lake hapo hapo: kwangu mimi yenye nguvu ni kwamba ni haramu. Hawa ndio masheikh wawili ambao madhehebu nzima inasimama juu yao, wamekhitalifiana juu ya kijiti chenye matundu, katika kitabu kimoja, na hakuna aliyemtoa mwenzake katika dini. Nawaomba vijana wanaotukanana mitaani kwa sababu ya dufu waufungue ukurasa huo na mwalimu wao.

Sasa kwa nini kuba na udi, na si dufu? Kuba imekuja katika hadithi ya Ibn Abbas iliyo kwa Abu Daud, ikitajwa pamoja na pombe na kamari. Kuhusu udi na wenzake, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameandika mlango mzima katika Ihyaa, na mimi sijaona aliyelieleza jambo hili kwa ufundi kuliko yeye. Anasema sauti nzuri yenyewe haina kosa, maana ndege nao huimba na hakuna aliyewahi kuharimisha kuwasikiliza. Ala hizi zimekatazwa kwa sababu ya ulevi uliozizunguka: zinaita kwenye pombe, zinamkumbusha aliyetubu juzi, na mwenye kukaa nazo anajifananisha na majilisi ya mafasiki. Kisichobeba sababu hizo, kwake, kinabaki katika asili ya vitu, ambayo ni uhalali. Humo ameingiza dufu, ngoma isiyo kuba, na ngoma za mahujaji na za wapiganaji.

Wapo wanaosema Ghazali alikuwa sufi na hoja yake ni ya mapenzi yake. Basi turudi kwenye Sunna. Katika Sahihi Bukhari mna hadithi ya watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Ibn Hazm wa Kurtuba aliipinga kwa kuwa Bukhari ameileta kwa mnyororo usiounganishwa waziwazi, ila wanavyuoni wengi wameikubali, na Ibn Hajar Asqalani aliuunganisha mnyororo huo kwa njia nyingine. Mimi nipo na hao wengi. Ni hadithi nzito, na anayeipita kimya kimya anapotaka kuhalalisha kila kitu hawatendei haki wasikilizaji wake.

Lakini katika Sahihi hiyo hiyo mna Bi Aisha na wasichana wawili waliokuwa wakiimba na kupiga dufu nyumbani kwake siku ya Idi. Abu Bakr alipowakemea, Mtume, sala na amani zimshukie, alimwambia awaache, kwa kuwa kila kaumu ina sikukuu yake. Mna Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini, na Mtume akamsitiri Bi Aisha apate kuwatazama. Na mna hadithi ya Rubayyi binti Muawwidh ambayo laiti ningekuwa na uwezo ningeiandika ukutani mwa kila madrasa. Mtume aliingia kwake asubuhi ya harusi yake na kuketi. Wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwaombolezea baba zao waliouawa Badri. Mmoja akaimba kwamba kati yetu yupo Mtume ajuaye yatakayotokea kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, arudie yale aliyokuwa akiyasema.

Tazameni alichokikata na alichokiacha. Neno lilikuwa limegusa elimu ya ghaibu, ambayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na neno hilo likaondolewa papo hapo. Dufu likaendelea. Wimbo ukaendelea. Kilio cha mabinti kwa wazazi wao kikaendelea. Huo ndio utaratibu ninaoutaka kwetu tunapokutana na ngoma ya wazee wetu yenye kasoro: kwanza tujue kasoro iko wapi.

Najua litakalosemwa, kwamba hao walikuwa wasichana, na siku zilikuwa za Idi na harusi. Hoja hiyo ina wenyewe. Mahanbali na wanavyuoni wengi wa leo wamelifunga dufu kwa wanawake. Katika madhehebu yetu Halimi alisema hivyo hivyo, akapingwa na Taqiyyuddin Subki, ambaye haoni tofauti ya mwanamume na mwanamke katika kulipiga. Anayefuata kauli ya Halimi ana haki yake. Asichokuwa na haki nacho ni kuwaambia watu kwamba kauli ya pili haipo.

Sasa tuzilete ala hizi pwani kwetu, maana hapa ndipo penye jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu.

Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331. Anasimulia jinsi Sultani alivyotoka msikitini baada ya Ijumaa, ngoma, baragumu na nafiri zikipigwa mbele yake, naye akifuatana na kadhi, mafakihi na masharifu. Pembe na ngoma zilikuwa ishara ya utawala katika miji ya Waswahili karne nyingi. Pate walikuwa na siwa yao ya pembe ya ndovu, Lamu ya shaba, na Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na siwa na ngoma zake. Wanavyuoni wa miji hiyo walikuwa Mashafi.

Kisha ukaja udi. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na jumba la Sultani likapata taarab yake. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Baadaye Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, aliitoa taarab kwenye kasri akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Dar es Salaam nako vikaibuka vilabu vya Egyptian na Al-Watan, na watu wa Kariakoo na Ilala walivaa kanzu zao safi kwenda kuvisikiliza. Udi, fidla na kanuni vikawa ala za watu wa heshima. Ngoma ya Mzaramo ikaambiwa ni ushenzi.

Pimeni sasa kwa Minhaji. Udi umetajwa kwa jina lake miongoni mwa ala za haramu. Vumi, chapuo, kinganga na msondo havikutajwa, na sura ya kuba, yenye kiuno katikati na midomo iliyopanuka pande mbili, si sura ya kawaida ya ngoma za pwani yetu. Kwa maana hiyo ala iliyopewa kiti sebuleni ndiyo yenye kesi nzito katika kitabu, na ala iliyofukuzwa uani ndiyo iliyo karibu zaidi na uhalali. Mpangilio wa heshima tuliouzoea haukutoka kwenye fiqhi. Ulitoka kwenye ukoo, rangi na jumba la Sultani, kisha tukauvika kilemba cha dini. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wapo wazee wa Kizaramo, Waislamu wa kusali sala tano, waliokufa wakiamini kwamba ngoma ya babu zao iliwaweka mbali na Mola wao zaidi kuliko udi wa matajiri.

Jambo hili lilipiganiwa Lamu kwa uwazi. Habib Saleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija, alipohamia Lamu alifundisha mtaa wa Langoni, na kwenye darsa lake wakakaa watu ambao misikiti ya wakubwa haikuwakaribisha, wakiwemo waliotoka utumwani. Akaleta maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiyun na kuyasoma kwa matari ndani ya msikiti. Waungwana wa mji wakapinga. Walikuwa na hoja ya kifiqhi kuhusu heshima ya msikiti, na ni hoja inayostahili kusikilizwa, maana kuruhusiwa kwa dufu harusini hakufanyi lifae kila mahali. Lakini mgogoro ule ulikuwa pia juu ya nani ana haki ya kuketi mbele. Leo msikiti wake wa Riyadha bado unawavuta mahujaji wa maulidi kutoka pwani nzima.

Mombasa alikuwepo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeandika katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Yeye aliona fedha za Waislamu zikimalizikia kwenye ngoma na sherehe huku watoto wao wakibaki bila elimu. Msimwingize katika kundi la wachukia urithi. Alikuwa anahesabu madeni ya watu, na katika hilo naona alikuwa na haki. Ngoma inayomfilisi mjane haihitaji mjadala wa umbo la mzinga wake.

Na hapa jijini kwetu, anayetaka kuujua uzito wa ngoma katika historia ya Waislamu amtazame Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Mwaka 1955 alipoingia TANU kuongoza kina mama, aliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa huko ndiko wanawake wa Kiislamu wa mji huu walikuwa wamejipanga tayari, wana mweka hazina, wana ada, wana utaratibu wa kuzikana na kuozana. Uhuru wa nchi hii umepita kwenye vikundi hivyo.

Hata hivyo, ndugu zangu wa upande wa utamaduni, msinishangilie mapema. Urithi peke yake si hoja ya kisheria. Mafakihi wamekubali kwamba ada hufanyiwa kazi katika hukumu, na kanuni hiyo ni miongoni mwa kanuni kuu tano za fiqhi, lakini ada inayogongana na andiko haisimami. Hakuna halali inayozaliwa na umri wa kitu. Ngoma ya pepo ambayo mganga anamwita asiyekuwa Mwenyezi Mungu na kumchinjia ni shirki, hata ingekuwa ya miaka elfu, hata kama mzinga wake ni halali kabisa nje ya kilinge hicho. Mdundiko unaopita msikitini imamu akiwa kwenye rakaa, wanaume na wanawake wakibanana, na vibaka wakivuna mifuko ya watu njiani, una makosa manne au matano ambayo hakuna hata moja lililo kwenye ngozi ya mbuzi. Jirani mgonjwa ana haki, na haki hiyo inaikuta ngoma kama inavyolikuta spika la mahubiri lisilozimwa hadi saa saba usiku. Hapa Mchikichini, kati ya soko la mitumba la Karume na nyumba zilizobanana za Ilala, masikio ya watu yana uchovu wake.

Kuhusu udi je? Nimeshasema kitabu kinasemaje. Wapo waliosema sababu ya hukumu ikiondoka, hukumu nayo huondoka, na kwamba leo udi Unguja si alama ya walevi bali ya harusi na familia. Shawkani wa Yemen, aliyefariki 1834, aliandika risala kuvunja madai ya kwamba kuna ijmai juu ya jambo hili, na karibu na zama zetu Sheikh Yusuf Qaradawi aliruhusu kwa masharti. Upande wa pili yupo Ibn Hajar Haytami, nguzo ya Mashafi wa baadaye, aliyeandika kitabu kizima cha kuzuia, na Sheikh Albani aliyeandika kingine. Mimi nimesoma nikiwa Shafi, na nafsi yangu inatulia kwenye kauli ya Nawawi kuhusu udi. Siupigi wala siendi kuusikiliza. Lakini simwiti fasiki mzee aliyeshika kauli ya wanavyuoni wengine, na sitakaa kimya mtu akitaka kuuvunja udi wake.

Hilo la kuvunja ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza. Katika mlango wa ghasbu, yaani kunyang'anya mali ya mtu, Nawawi anauliza: mtu akiharibu ala ya haramu, analipa nini? Anajibu kwamba halipi kitu kwa kuondoa kule kuwa kwake ala. Kisha anaongeza, na kauli yenye nguvu ni hii, kwamba haivunjwivunjwi vibaya. Inafunguliwa vipande vyake virudi vilivyokuwa kabla ya kuunganishwa. Tafakarini. Hata ala iliyokubaliwa kuwa haramu, mbao zake ni mali, ngozi yake ni mali, na mali ya Mwislamu ina hifadhi. Nasikia vijana wanatoka kwenye mawaidha na kwenda kuchoma kinanda cha marehemu babu, au kuupasua mzinga wa ngoma ya ukoo. Wamevuka mpaka wa kitabu wanachodhani wanakitetea. Familia yenye ala ambayo haitaki tena ipigwe inaweza kulegeza nyuzi zake, kushusha ngozi, na kuipeleka Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, pamoja na jina la aliyeitengeneza na jina la aliyeipiga. Kuhifadhi kumbukumbu ya kitu si kukitumia. Vitabu vya fiqhi vyenyewe vimetuhifadhia maelezo ya kuba kwa zaidi ya miaka mia saba.

Adabu ya kukhitalifiana bila kuvunjiana tunaiona pia kwa wenzetu wa Indonesia, Mashafi kama sisi, wenye ngoma kubwa ya beduk inayopigwa msikitini kutangaza wakati wa sala. Inasimuliwa kwamba Kiai Hasyim Asyari, mwasisi wa Nahdlatul Ulama, alipinga gogo la mbao linalogongwa kuitia sala, naye mwenzake Kiai Faqih wa Maskumambang aliliruhusu, na kila mmoja akaandika risala. Hasyim alipokwenda kumtembelea Faqih, magogo ya misikiti ya huko yalishushwa ili mgeni asikereke. Wote wawili walibaki na kauli zao.

Mwisho, vijana wa kaswida wameniuliza kabla sijapanda hapa kuhusu kinanda cha umeme, kwa sababu vikundi vingi vya mjini vimekwisha kukitia kwenye kaswida. Mwalimu wa madrasa akiniuliza, namwambia abaki na madufu. Kwanza, dufu limetajwa kwa jina lake na uhalali wake katika madhehebu yetu ni mwepesi kuutetea. Kinanda kinaiga sauti ya udi na fidla, kwa hiyo kinajibebesha khitilafu yao yote. Pili, kinanda hupigwa na mtu mmoja. Safu ya madufu inawataka wavulana wengi, kila mmoja ashike pigo lake na asikie la mwenzake, aangushe bega pale wote wanapoangusha, na ajue kuipasha ngozi moto inapolegea kwa unyevu wa masika. Wazee wanaoyajua mapigo hayo bado wapo mitaani kwetu na huko Buguruni, na wengi wao hawaitwi tena kwenye shughuli. Wapelekeeni watoto mwezi wa Rajabu, kabla madrasa hazijafungwa, mchukue sauti zao kwenye simu zenu, na muwalipe.